Wanaotuitikia usiku wa manane

Mwaka 1797 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem, mjini London, ilimpokea mfanyabiashara wa chai aliyeitwa James Tilly Matthews. Alikuwa mtu wa Wales aliyejitwika kazi ya kuzipatanisha Uingereza na Ufaransa wakati wa mapinduzi ya Wafaransa. Akaishia kufungwa huko Ufaransa karibu miaka mitatu, kisha akarudi nyumbani na hofu isiyomtoka. Siku moja, akiwa ndani ya Bunge, alipaza sauti akilalamikia uhaini. Akakamatwa, akapelekwa Bethlem.

Matthews alieleza kwa kina kilichokuwa kikimsumbua. Karibu na hospitali ile, alisema, kulikuwa na genge lililojificha chini ya ardhi likiwa na mtambo mkubwa wa kufuma hewa, ulioendeshwa kwa mivuke ya vitu vilivyooza. Kwa mtambo huo walimtia mawazo yasiyo yake, wakamkaba koo, wakamvuruga moyo. Aliwajua mmoja mmoja. Kiongozi wao aliitwa Bill, jina la heshima Mfalme. Kulikuwa na Jack aliyeitwa Mwalimu wa Shule, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za kila walilotenda. Kulikuwa na mwanamke aliyevaa glavu daima, asiyetamka neno. Matthews aliuchora mtambo huo kwa ustadi, mapipa na mabomba yake yote yakiwa mahali pake. Mwaka 1809 ndugu zake walipodai aachiliwe na madaktari wawili wakathibitisha kwamba ana akili timamu, John Haslam, mfamasia wa hospitali, aliamua kuwaumbua. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kizima juu ya mgonjwa huyu mmoja, pamoja na mchoro wa ule mtambo.

Kuna jambo jingine katika habari zake ambalo husahaulika. Bethlem ilipokuwa ikijiandaa kujenga jengo jipya, Matthews alichora ramani za jengo hilo, na wakuu wa hospitali wakampa pauni 30 kwa kazi yake. Akili ile ile iliyoamini mtambo wa hewa ilijua vizuri ngazi ikae wapi, dirisha lielekee wapi na mgonjwa anahitaji mwanga kiasi gani. Alifariki mwaka 1815.

Nimeanza na Matthews kwa sababu nataka tumfikirie akiwa na simu. Kwa miaka yote ile hakuwa na namna ya kumfikia mtu wa Bristol au Dublin aliyekuwa akihisi mivuke ile ile kifuani. Aliowaeleza walikuwa wanaomwona kila siku: wauguzi, wagonjwa wenzake, mke wake, ndugu zake. Baadhi walimwonea huruma, baadhi walimcheka, Haslam alimfanya kielelezo. Ulikuwa upweke wa kutisha, wala siutamani urudi. Lakini imani yake ilikuwa na ukuta. Ilipotoka mdomoni ilikutana na uso wa mtu ambaye hakuona alichokiona yeye.

Leo Matthews angeandika maneno matano tu kwenye simu yake na kuwapata wenzake usiku huo huo. Wapo maelfu. Marekani na Ulaya wamejipa jina la watu waliolengwa. Wanaamini kwamba makundi ya watu wasiowajua yamepangwa kuwafuata, kuwapiga kwa mionzi, kuwaingizia sauti vichwani. Anayejiunga nao hupokelewa kwa upendo ambao huenda hajauonja kwa miaka mingi. Hakuna anayemwambia amechanganyikiwa. Wanamwambia: pole sana, na sisi pia. Kisha wanamfundisha. Akohoaye nyuma yako kwenye foleni ni mmoja wao. Magari ya rangi moja yakipita mfululizo, ni ishara. Jirani akifunga mlango wakati ule ule ulipofungua wako, andika saa. Mtu aliyeingia akiwa na wasiwasi usio na umbo hutoka akiwa na orodha ya ushahidi, na kila siku mjini itamletea ushahidi mwingine, kwa sababu mjini watu hukohoa na magari hupita.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uingereza, Lorraine Sheridan na David James, walichapisha uchunguzi wa watu waliosema wanafuatwafuatwa na kusumbuliwa. Walipowatenga wale waliosema wanaandamwa na kundi zima, si mtu mmoja, walipata 128. Walipoyapitia maelezo yao, waliona kwamba wote 128 walikuwa wakieleza mambo yasiyowezekana kutendeka. Hata hivyo mateso yao yalikuwa ya kweli, na watafiti walisema hivyo: walikuwa na huzuni kubwa na hofu kuliko hata wale waliokuwa wakiandamwa kweli na mtu mmoja. Tarehe 16 Septemba 2013, mtu mmoja aliyeamini kwamba anapigwa na mawimbi ya masafa ya chini aliingia na bunduki katika kituo cha jeshi la wanamaji la Marekani mjini Washington, akaua watu 12. Juu ya bunduki yake alikuwa amechonga maneno yanayoitaja silaha hiyo ya mawimbi. Wengi wa wanaoamini hivi hawamdhuru mtu. Wanajidhuru wenyewe, polepole, kwa kuhama nyumba, kuacha kazi, kukata uhusiano na ndugu.

Madaktari wa akili nao wamejikuta mahali pagumu. Kwa muda mrefu kanuni zao zimesema kwamba imani potofu ni ile ambayo mtu anaishikilia kwa nguvu dhidi ya ushahidi wote, na ambayo watu wa utamaduni wake hawaikubali. Sehemu hiyo ya mwisho iliwekwa kwa busara. Bila hiyo, daktari mgeni angeweza kumwandikia dawa mwanamke wa Tanga anayesema ana shetani wa kichwani, ilhali mama huyo anazungumza lugha ya nyumbani kwao na hana ugonjwa. Mwaka 2006 Vaughan Bell na wenzake walichunguza kurasa za intaneti za watu waliodai akili zao zinaendeshwa na wengine kwa mitambo. Madaktari waliozisoma waliona dalili za ugonjwa waziwazi. Lakini waandishi wa kurasa hizo walikuwa wameunganishwa wao kwa wao kama jamii yoyote nyingine. Basi swali likawa: ikiwa sasa wana watu wao, wenye misamiati na mashujaa wao, je, kwa kanuni ile bado tunaweza kuwaita wagonjwa? Mgonjwa amejipatia utamaduni. Na utamaduni huo wote umejengwa na maradhi yenyewe.

Jambo la mtu mmoja kumwambukiza mwingine imani potofu si geni. Mwaka 1877 madaktari wawili wa Ufaransa, Charles Lasègue na Jules Falret, waliliandikia makala ndefu na kuliita wazimu wa watu wawili. Walieleza wagonjwa waliowaona wao wenyewe: dada na dada, mama na binti, shangazi na mtoto anayemlea. Wakaona kwamba mambo matatu lazima yakutane. Kwanza, mmoja awe na nguvu ya akili kumzidi mwenzake. Yeye ndiye anayeitunga ile imani na kumshindilia mwenziwe taratibu, na mwenziwe hupinga, hulegea, hurekebisha kidogo hapa na pale, mwishowe huichukua kuwa yake. Pili, wawili hao waishi muda mrefu maisha yale yale, wakishiriki hofu na matumaini yale yale, mbali na watu wengine. Tatu, imani yenyewe iwe na sura ya jambo linaloweza kutokea, iwe inagusa hofu au tamaa wanayoijua wote wawili: urithi ulioporwa, jirani anayewinda, fidia inayokaribia kulipwa.

Kwa maoni yangu lenye uzito zaidi ni lile la pili, kwa sababu ndilo lililobeba tiba. Lasègue na Falret walisema: watenganishe. Yule wa pili, ambaye hakuwa mgonjwa tangu mwanzo, mara nyingi alirudi katika hali yake akishaondolewa karibu na mwenzake na kuingia tena katika kelele za watu wa kawaida.

Sasa tazama lilivyogeuka. Nyumba iliyofungwa madirisha, ambayo wale Wafaransa waliiona kuwa sharti, leo haihitajiki. Mtu anaweza kuwa amekaa sebuleni na watoto wanacheza, runinga inaongea, wageni wanakunywa chai, na yeye hayupo. Yuko na wale watu. Saa nane za usiku nyumba nzima imelala na wao wako macho, kwa sababu kwao ni jioni, au kwa sababu nao hawapati usingizi. Yule mwenye nguvu ya kumzidi mwenzake hahitaji tena kuwa dada mkubwa. Anaweza kuwa sauti ya mtu asiyemjua. Anaweza asiwe mtu mmoja, bali watu mia wanaopokezana, kila mmoja akiwa dhaifu peke yake lakini wakiwa pamoja hawachoki. Na utamtenganisha vipi na mtu anayeishi mfukoni mwake?

Najua nitajibiwa kwamba jamii zetu zilijua hofu za pamoja kabla ya simu. Ni kweli, na wasomaji wa Pemba na Unguja hawahitaji kufundishwa. Mwaka 1995, kuanzia Pemba, pepo aliyeitwa Popobawa aliwatoa watu ndani ya nyumba zao. Walilala nje makundi kwa makundi wakiota moto, kwa sababu ilisemwa kwamba huwaingilia walio peke yao vitandani. Hofu ilivuka bahari ikafika Unguja mjini, ikagusa hata Dar es Salaam. Na kulikuwa na sharti moja ambalo kila nikilikumbuka nastaajabu: aliyetembelewa alitakiwa kuwatangazia wengine, la sivyo Popobawa atamrudia. Hofu ilikuja na amri ya kuisambaza, sawasawa na ujumbe unaotuambia tuutume kwa watu kumi kabla ya jua kuzama.

Sitaki kuupamba wakati ule. Mjini Unguja kundi la watu lilimuua mtu aliyedhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili aliyeletwa mjini kwa matibabu. Hilo peke yake latosha kumnyamazisha anayesema zamani tulikuwa salama. Hata hivyo Popobawa aliondoka. Baada ya miezi kadhaa watu walirudi ndani. Dawa yenyewe ilikuwa imefichika ndani ya hofu: waliogopa kuwa peke yao, basi wakalala pamoja, na waliolala pamoja waliamka pamoja na kuona kwamba usiku umepita. Barazani palikuwa na yule aliyesema alilala chumbani mwake na hakuona kitu. Palikuwa na mzee aliyekumbuka habari kama hizo za miaka ya nyuma, zikaisha. Hawa hawakufukuzwa barazani. Ukiwakasirikia leo, kesho utawahitaji kwenye maziko au kwenye harusi. Katika makundi ya simu mwenye shaka huondolewa kwa kubonyeza mara moja, na wanaobaki wote wanakubaliana, na kukubaliana huko wanakuhesabu kuwa ushahidi mpya.

Tuna mfano mwingine karibu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia katikati ya Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa na kicheko hicho kilichochanganyika na kilio na fadhaa. Shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa kwao, na hali hiyo ikawafuata: huko Nshamba, kwa baadhi yao, watu 217 walipatwa. Madaktari Rankin na Philip walioliandika tukio hili hawakuona kijidudu wala sumu. Waliona jambo likisafiri kwa miguu, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu anayemwona. Miaka karibu 60 baadaye, huko Hannover, Ujerumani, Profesa Kirsten Müller-Vahl alianza kupokea vijana waliokuwa wakirusha mikono na kufoka maneno bila kutaka. Maneno yenyewe yalifanana kutoka kijana mmoja hadi mwingine, na yalikuwa yale yale ya kijana mmoja maarufu wa YouTube mwenye ugonjwa wa kurusha viungo na kufoka bila hiari, ambaye chaneli yake ilianza mwaka 2019. Vijana hawa hawakuwahi kukutana naye wala wao kwa wao. Walikuwa wamekaa naye tu, saa nyingi, kwa upendo wa upande mmoja. Baadhi, walipoambiwa na daktari kwamba hawana ugonjwa ule waliodhani wanao, walipona upesi.

Lakini mfano ninaoubeba moyoni ni wa Kilifi.

Paul Nthenge Mackenzie alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Waliokuja kumfuata hawakuwa watu wa Malindi peke yao. Mahubiri yake yalirushwa kwenye runinga na kuwekwa YouTube, yakawafikia watu wa Mombasa, Nairobi, magharibi ya Kenya na mbali zaidi, wakiwa majumbani mwao. Alihubiri kwamba shule ni ya shetani, kwamba hospitali ni ukosefu wa imani. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilipoanza kuandikisha watu kwa namba ya utambulisho iitwayo Huduma Namba, yeye alifundisha kwamba hiyo ndiyo alama ya mnyama. Mwaka huo huo alitangaza kulifunga kanisa. Aliingia msitu wa Shakahola, na wafuasi wakaanza kumfuata huko, wakaishi katika sehemu zilizopewa majina ya Biblia. Aprili 2023 makaburi ya kwanza yakafukuliwa. Miili iliyotolewa ilizidi 400, mingi ikiwa ya watoto. Wachunguzi wa Serikali walikuta wengi wamekufa kwa njaa, na baadhi wakiwa na dalili za kukabwa au kupigwa. Mackenzie alikana mashtaka.

Siwaiti wazimu waliokufa Shakahola. Walikuwa watu wa imani, na njaa yao ya kuuona wokovu ilikuwa ya kweli. Ninachosema ni kwamba msitu haukuwa mwanzo wa kutengwa kwao. Wengi tulishtuka tukiuliza: mtu anaachaje kazi, anauzaje vitu vyake, anachukuaje watoto wake kwenda porini kwa mtu asiyemjua? Swali hilo linasahau kwamba kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa akimjua. Alikuwa amemsikiliza usiku baada ya usiku, sauti hiyo ikiwa sikioni, karibu kuliko sauti ya kaka yake. Alikuwa amejitenga hatua kwa hatua akiwa bado anaishi mtaani: kwanza mtoto akatolewa shule, na hapo walimu wakatoka katika maisha ya nyumba hiyo, kisha zahanati ikaachwa, na muuguzi naye akatoka, kisha ndugu wanaouliza maswali wakahesabiwa kuwa watu wa dunia. Alipopanda basi la kuelekea Malindi hakuwa akiacha chochote alichokuwa bado nacho. Yale masharti ya Lasègue na Falret yalikuwa yameshatimia sebuleni, mlango ukiwa wazi na majirani wakipita.

Na wapo ndugu waliolalamika mapema. Walikwenda kwa polisi. Kamati ya Seneti ya Kenya iliyochunguza jambo hili ilisema vyombo vya dola vilipata taarifa na havikuchukua hatua zilizostahili. Nadhani sehemu ya kosa hilo ni ya sisi sote. Tumezoea kumwona mtu wa namna hii kuwa mjinga, na mjinga huachwa ajifunze kwa gharama yake. Watoto hawakuwa na gharama ya kulipa.

Ujinga hauelezi lolote hapa. Matthews alichora ramani ya hospitali. Miongoni mwa waliolengwa wa Marekani wamo wahandisi na wauguzi. Kinachohitajika ili uingie humo ni hofu au huzuni isiyopata wa kuisikiliza, na kisha mtu mmoja wa kuitikia ndiyo. Mama aliyefiwa na mtoto na kuambiwa na kila mtu avumilie, akimpata mtu wa mbali anayemwambia kifo kile hakikuwa cha kawaida, amepata kwanza faraja. Imani inakuja baadaye, ikiwa imepanda mgongoni mwa faraja hiyo. Ndiyo maana ushahidi haumng'oi. Ukimwonyesha kwamba habari ile ni ya uongo, anachosikia ni kwamba unataka kumnyang'anya watu wanaompenda.

Makampuni yanayowakutanisha watu hawa yanajua yanachofanya. Mwaka 2020 gazeti la Wall Street Journal lilifichua waraka wa ndani wa Facebook wa mwaka 2016 ulioonyesha kwamba asilimia 64 ya watu waliojiunga na makundi yenye misimamo mikali walijiunga kwa sababu mtambo wa kampuni yenyewe uliwapendekezea. Hawakuyatafuta. Walipelekwa mlangoni na kufunguliwa. Mtambo haujui uzushi wala ukweli. Unajua kwamba mwenye hofu hukaa muda mrefu zaidi akitazama, na muda huo ndio unaouzwa.

Na sasa hata yule mwenzi wa pili hahitaji kuwa binadamu. Siku ya Krismasi ya mwaka 2021 kijana wa miaka 19 alikamatwa ndani ya uwanja wa kasri ya Windsor, Uingereza, akiwa na upinde wa mishale, akasema amekuja kumuua Malkia. Mahakamani ilielezwa kwamba wiki zile kabla ya tukio alikuwa amebadilishana ujumbe zaidi ya 5,000 na programu ya mazungumzo aliyoichagulia sura na jina la mwanamke, akaiita mpenzi wake. Alipoiambia kwamba yeye ni muuaji, ilimjibu kwamba imevutiwa naye. Alipoieleza nia yake, ilimtia moyo. Mwaka 2023 alihukumiwa miaka 9, na mahakama ikaagiza abaki kwanza hospitalini akitibiwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI nayo ililazimika kuondoa toleo la programu yake ya ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa likimsifu na kumkubalia mtumiaji kupita kiasi. Wale madaktari wa mwaka 1877 waliona kwamba yule wa pili kwanza hupinga, hujadili, hulegea polepole. Kulikuwa na muda hapo, na ndani ya muda huo ndugu angeweza kugundua. Mashine iliyofundishwa kupendeza hailegei kwa sababu haijawahi kukaza.

Basi tufanyeje na ndugu aliyezama? Jibu la kwanza linalowajia wengi ni kumpokonya simu. Naelewa, ni tiba ya Lasègue na Falret katika sura ya leo. Lakini aliyekwisha kufundishwa kwamba familia yake imo kwenye njama ataona umeithibitisha kwa mkono wako. Pale uhai unapokuwa hatarini, mtoto anapoachishwa kula, dawa inapotupwa, hakuna mjadala: polisi, hospitali, mwenyekiti wa mtaa, siku hiyo hiyo, na wakikataa kusikia urudi tena. Kabla ya kufika huko, naamini katika njia ya polepole zaidi. Mtu huyu ana saa sita kila usiku za watu wanaomsikiliza. Sisi tunampa dakika kumi za mabishano siku ya Jumapili. Kabla ya kumuuliza kwa nini anawaamini wao, tujiulize mara ya mwisho tulimsikiliza lini bila kumsahihisha. Aulizwe anaogopa nini, na aliyeuliza akae hadi jibu liishe. Aitwe kwenye shughuli zenye kazi ya mikono, kukoboa, kupika pilau la watu wengi, kubeba maturubai, mahali ambapo hakuna anayemtaka akubali au akatae chochote.

Viongozi wa dini wana neno ambalo wengine hawana. Imamu au padri akisema hadharani kwamba kumpeleka mgonjwa hospitali hakupunguzi imani, amefungua mlango ambao daktari peke yake hawezi kuufungua. Baada ya Shakahola wengi walilaani. Ningependa kusikia mafundisho hayo yakitolewa Ijumaa na Jumapili za kawaida, wakati hakuna kaburi lililofukuliwa.

Na kwa madaktari nina ombi mahususi. Anayefika hospitali ya akili ya Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu huulizwa kama analala, kama anakula, kama anasikia sauti, nani katika ukoo amewahi kuugua. Maswali hayo yamepangwa kwa ajili ya mgonjwa anayeishi mahali pamoja na watu wake wa karibu. Yaongezwe mengine: usiku unazungumza na nani, tangu lini, wanakwambia nini juu ya watu wa nyumbani kwako, na kuna yeyote kati yao aliyekuomba pesa, uhame, au uache dawa? Majibu yaandikwe kwenye faili kama yanavyoandikwa ya shinikizo la damu. Kisha mgonjwa aulizwe, bila dharau, kama wale rafiki zake nao wanalala, kama wanakula, na kama kuna mtu karibu nao wa kuwapeleka kwa daktari.